Jibu: Masikio yananiuma nikizamia Mnemba (kisiwa kidogo Zanzibar)

Salaam ndugu yangu. Umesema ukifika mita 3 tu masikio yanauma, unarudi juu. Kwanza, ulikuwa na mafua? Basi usizamie, hata kwa dawa ya kuzibua pua, maana inaweza kukuishia nguvu ukiwa chini.

Kama huna, nadhani unachelewa kuzibua masikio. Mimi nilikuwa nasubiri maumivu ndipo nibane pua. Wapi! Anza ungali juu: bana pua, sukuma pumzi taratibu mpaka sikio lifanye "tk", rudia kila nusu mita. Shuka miguu ikitangulia, umeshika kamba. Likigoma, panda mita moja ujaribu tena, usilazimishe. Mita 10 za mwanzo ndizo ngumu, mgandamizo unafika mara mbili ya ule wa juu ya maji.

Likitoa damu, daktari.