Wezi wanazunguka avenyu: tuite polisi ao tujilinde wenyewe?

*Jambo yaya. Tuko Katuba, hapa Lubumbashi, avenyu yetu iko giza tangu waibe kamba za SNEL, kampuni ya umeme, na tangu hapo wezi wanapita vile wanataka. Kwetu walitoboa ukuta nyuma ya jikoni, wakabeba televizio, sufuria, hata makaa. Sasa vijana wanasema hawapeleki tena mwizi ku polisi juu anaachiliwaka kesho yake, wenye watakamata watamuvalisha pneu (tairi ya motokari) na kumuchoma. Mie naogopa. Tufanye nini? – Mama wa watoto wane, Katuba*

Pole sana mama. Nianze na ile ya pneu juu haiwezi kungojea. Ongea na hao vijana leo, na ungekuwa na mwanaume mwenye wanamuheshimu mu avenyu, shefu ao papa wa kanisa, akuwe karibu yako. Mtu mwenye anatoka ku matanga usiku, akikuta mayowe mbele yake, anakimbia sababu ya woga tu, na mwenye kukimbia ndiye wataita mwizi. Wakishamuchoma, hakuna mwenye atauliza tena kama aliiba ao hakuiba. Na hata kama kweli aliiba, ile ni mauaji, wenye watafungwa ni watoto wenu.

Kumukamata, hiyo sheria inawaruhusu. Kitabu ya sheria ya mwenendo wa mashitaka ya 1959, artikle 6, inasema mtu yeyote anaweza kukamata mwenye anakutwa palepale mu kosa lenye azabu yake inafika myaka 3 ao zaidi, kama hakuna OPJ (polisi mwenye anafanya uchunguzi wa makosa) ao mkubwa wa sheria hapo, halafu amupeleke mara moja kwa mwenye iko karibu. Mara moja mama, si kesho asubui baada ya kumupiga usiku muzima. Na kuiba usiku mu nyumba ya watu, kwa kutoboa ukuta, iko ndani kabisa.

Sasa ile ya kuachiliwa. Najua vile inaumiza, na najua wako wenye kutoka juu ya makuta (feza), sitaficha hiyo. Lakini kuna sababu ingine yenye iko mu mikono yenu: Katiba, artikle 18, inasema polisi haiwezi kumufunga mtu kupita masaa 48 bila kumupeleka kwa mkubwa wa sheria. Mara mingi watu wanamutupa mwizi ku komisaria saa tisa ya usiku, kila mtu anarudi kulala, mwenye mali haji kuandikisha mashitaka, shahidi hakuna, dosie iko na karatasi moja tu. Masaa 48 ikiisha, OPJ ataandika nini? Basi muende watatu, mwenye kuibiwa na wawili wenye waliona, museme vitu moja moja, televizio ya marke gani, iko na alama gani, muhakikishe imeandikwa mu PV, ile karatasi ya OPJ ya maelezo yenu, kabla ya kutia sinyatire. Uandike jina ya OPJ na namba ya dosie. Ukiona mambo inalala, mashitaka inaweza kwenda moja kwa moja ku parke (ofisi ya mwendesha mashitaka), hakuna mtu wa kukukataza.

Na ule ukuta. Nyumba zetu mingi ni za matofali mabichi, na wakati wa mvua, kuanzia mwezi wa kumi na moja, upande wa nyuma unalowana mpaka tofali inakatika na kipande ya chuma. Mvua ikipiga ku mabati hamusikii kitu, mwizi anafanya kazi yake polepole. Kwa hiyo paka simenti chini, ata urefu wa mita moja tu, chimba mufereji maji isisimame pale, ondoa ile rundo ya mbao na mabati yenye inamuficha. Kitanda ya mtu mmoja iwekwe upande wa nyuma. Na filimbi kila nyumba: mwenye anasikia anapiga, wengine wanawasha tochi na kupiga sufuria lakini wanabaki ku mlango mpaka wanakuwa wengi. Mwizi anapenda nyumba yenye majirani hawasalimianaka.

*Yaya, ku soko ya komune yetu ya Kenya, hapa Lubumbashi, kijana ananiuzishia telefone bei chini sana, bila boxi, bila chaja. Ninunue? – Mwanafunzi*

Hapana ndugu. Kununua kitu yenye unajua ao unadhani imeibiwa ni kosa, wewe ndiye watakamata nayo mu mukono. Na ile yako yenye uko nayo, piga *#06#, andika ile namba yenye inatokea mu kaye nyumbani, juu siku itaibiwa polisi watakuuliza hiyo.

*Kwetu Kampemba vijana wa ulinzi wa usiku wameanza kusimamisha watu wenye wanatoka kazi na kuwaomba makuta. Nani atawalinda hawa walinzi? – Papa mwenye anafanyaka kazi ya usiku*

Papa, hiyo inatuuma wengi, na isipokatwa sasa, hao hao ndio watakuwa wezi wa kesho. Ulinzi wa avenyu haukuwe wa watu wenye hawajulikane. Majina yao yote yawe kwa shefu wa kartie na ku komisaria, wazunguke wawili wa nyumba mbalimbali, panga isibebwe, na makuta ya chai kila parseli impe shefu wa avenyu mchana, mbele ya watu, iandikwe mu kaye, hakuna wa kuokota usiku mu njia. Mwenye ataomba, aondolewe juma hiyo hiyo, hata akiwa mtoto wa shefu.

Kisha peleka neno ku komune. Kuna baraza ya usalama wa karibu, iliwekwa na dekre (amri ya serikali) ya 2013, bourgmestre, mkubwa wa komune, ndiye anaiongoza na polisi iko ndani. Wengi hawajuaki kama wanaweza kupeleka shida zao pale. Muandike barua moja, mutie sinyatire watu kumi ao ishirini wenye wanafanya kazi ya usiku sawa wewe, muulize ni saa ngapi patrui ya polisi inapita mu avenyu yenu na nani anaiongoza. Wakati wa kuipeleka mukuwe na kopi ya pili, wapige kashe (muhuri) pale juu.