Akiba ya Nyumbani Huanza na Kalamu

Bidhaa ikiadimika, watu hukimbilia kununua, na mbio hizo ndizo humaliza kilichobaki dukani. Mwaka 2020 karatasi za chooni zilitoweka madukani katika nchi nyingi, ingawa viwanda viliendelea kuzitengeneza. Mwenye akiba ya wiki mbili hana sababu ya kupigana vikumbo.

Lakini akiba ya nini, na kiasi gani? Hapo ndipo wengi hubahatisha. Mimi nikifungua kitu kipya, iwe sabuni, chupa ya mafuta au mtungi wa gesi, naandika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Kikiisha, nahesabu kimekaa siku ngapi. Fanya hivyo miezi miwili mitatu. Utajua nyumba yako inatumia nini na kwa kasi gani. Chumvi hukaa kuliko ulivyodhani. Dawa ya meno, hasa penye watoto, haikai. Ukishajua hayo, ongeza kimoja cha ziada kila unapofanya manunuzi, usinunue vyote kwa mpigo. Kipya kikae nyuma, cha zamani kitangulie kutumika.

Usiweke usichokula. Mchele mweupe mkavu, ukifungwa vizuri, hukaa miaka. Wa kahawia huharibika mapema kwa sababu ya mafuta yaliyo kwenye pumba zake. Maharage nayo hayaozi upesi, ila yakizeeka huwa magumu, utayachemsha mpaka gesi ikuishie, na pengine gesi yenyewe ndiyo iliyoadimika.

Maji watu huyasahau kabisa. Kadiria lita 4 kwa mtu kwa siku, za kunywa na matumizi madogo, kwa siku 3 angalau. Watu watano ni lita 60: madumu matatu ya lita 20 yenye vifuniko, yasiyowahi kubeba kemikali.

Betri za tochi ya akiba zitoe, zikae pembeni. Zikivuja ndani, tochi imekwenda. Anayemeza dawa kila siku azungumze na daktari au mfamasia mapema, asingoje kidonge cha mwisho.

Na kama kuna watoto, tafadhali usihamishie mafuta ya taa wala dawa ya kung'arishia nguo kwenye chupa ya soda, hata ukiandika jina kubwa namna gani. Mtoto hasomi, anaona soda.