Kwaya ya watu wanne?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimesikia misa ya Bach, yule mtunzi Mjerumani wa miaka ya 1700, ikiimbwa na watu wachache mno, kama wenzao wamekosa nauli. Kwaya yetu ya parokia ina watu 40. Nani anakosea? – Mwanakwaya, Morogoro

JIBU: Marahaba. Hakuna aliyekosea. Mwaka 1981 mwanamuziki Mmarekani Joshua Rifkin alidai kwamba Bach, kule mjini Leipzig, Ujerumani, kwa kawaida aliweka mwimbaji mmoja kwa kila sauti (soprano, alto, tenor, besi). Ushahidi wake ni makaratasi: nakala za waimbaji zilizobaki mara nyingi ni moja tu kwa sauti. Wapinzani husema watu watatu waliweza kuchungulia karatasi moja. Tena wana hoja: mwaka 1730 Bach mwenyewe aliliandikia baraza la mji kwamba kila kwaya iwe na waimbaji 12 angalau, ikiwezekana 16. Rifkin hujibu kuwa hao ni akiba ya kuchagulia waimbaji wa siku, maana wengine huugua. (Jumapili za mvua nazijua!)

Mimi niko upande wa wachache. Nilijaribu na wanakwaya wanne, kinanda chini chini. Besi ilipoingia nilisikia kila silabi. Tukiwa 40 huwa uji. Ila mmoja akikohoa, sauti nzima imetoweka. Alto wangu alikohoa.