Kabla Hujaacha Kazi kwa Ajili ya Ilimba

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kongwa aliniandikia akiuliza kama aache ualimu ili aishi kwa kutunga, kuimba na kupiga ilimba, ile ala yetu Wagogo ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, akaongeza kwamba kwa kuwa mimi nimefanikiwa, sina budi kumwonyesha njia. Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimepiga hesabu za mwezi na kukuta kwamba kodi ya nyumba ililipwa na harusi mbili na usiku mmoja wa kuimba hotelini.

Najua ninyi mnaonisoma mna nyimbo daftarini na mnaliota jukwaa la Ngome Kongwe, Unguja, wakati wa tamasha la Sauti za Busara. Nami niliota hivyo, tena sisi tunaopiga ala za Wagogo tuna sababu ya ziada, kwani Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alitoka katika ardhi hiihii ya Dodoma na akazifikisha ilimba na zeze katika kumbi za Ulaya. Tunachosahau ni kwamba nyuma yake kulikuwa na kikundi cha taifa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ilhali nyuma yetu kuna simu na nauli.

Katika mwaka wangu wa tatu wa uimbaji, mwenye studio mmoja alijitolea kunirekodi bure. Nilimwona kama malaika. Kwa siku mbili nilirekodi nyimbo sita, sikutia saini popote, nikaondoka bila hata nakala. Miezi kadhaa baadaye, nikiwa ndani ya daladala, redio ikatoa tangazo la sabuni, na chini ya maneno ya mtangazaji nikaisikia ilimba yangu, kisha sauti yangu mwenyewe. Nilimwambia kondakta kwamba anayeimba ni mimi, naye akaniambia nitoe nauli. Nilipomfuata mwenye studio, alinijibu kwamba ule ni wimbo wa Wagogo na hauna mwenyewe. Miaka imepita, lakini sabuni ile sijainunua mpaka leo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nusu ya jibu lake ilikuwa kweli. Mahadhi niliyachukua katika wimbo ambao bibi alinibembelezea utotoni, na hayo si mali yangu wala yake. Ni ya jamii. Hata hivyo, mashairi niliyatunga mimi, na uimbaji uliorekodiwa ulikuwa wangu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaulinda utunzi tangu unapotungwa, hata kabla haujasajiliwa, na haki hiyo hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Usajili wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, hukupa ushahidi, nami siku ile sikuwa na ushahidi wowote zaidi ya machozi.

Kwa hiyo, ndugu zangu, andikishianeni kabla ya kurekodi: rekodi ni ya nani, inaruhusiwa kutumika wapi, na fedha zitagawanywaje. Andikishianeni hata kama mwenye studio ni binamu yako. Kwa kweli, hasa akiwa binamu yako. Kuhusu bei ya kuimba harusini sina mengi ya kusema, ila chukua nusu ya malipo mapema, kwa maana usiku wa harusi kila mwenye mfuko hupotea. Msione aibu kudai. Msanii wa asili anayeona aibu kutaja fedha anawafundisha watu kwamba ilimba ni ya kutumbuizia wageni bure, na anayeumia si yeye peke yake bali sisi sote.

Nimemjibu yule kijana kwamba mwaka huu asiache ualimu, na kwamba kabla ya jambo lolote anitumie makaratasi ya studio anayosema imekubali kumrekodi bila malipo.