Jino likinyamaza ghafla, usishukuru bado

Gego langu la chini, upande wa kulia, liliniuma siku nne mfululizo katikati ya Ramadhani. Usiku wa tano, baada ya tarawehe, likanyamaza. Nikasema alhamdulillahi, nikalala usingizi wa pono. Mama mdogo alipokuja kuniamsha nile daku, aliwasha taa, akanitazama, akarudi nyuma hatua moja.

"Uso huo wafanya nini?"

"Jino, mama. Lakini haliumi tena."

"Haliumi, nalo limekufura hivyo? Basi hapo ndipo pabaya."

Mama mdogo hakusomea udaktari. Aliwahi kumuuguza mtu wa jino, basi, na alijua jambo ambalo mimi na shule zangu zote sikulijua. Nimelielewa baadaye, nikiwa kwenye kiti cha daktari wa meno na pamba mdomoni, na ndilo lililonifanya niandike haya.

Ndani ya jino mna kiini laini chenye neva na mishipa ya damu. Tundu likichimba hadi likakifikia, bakteria huingia humo na kiini huvimba. Lakini kitavimbia wapi? Kimezungukwa na ukuta mgumu pande zote. Ndiyo maana maumivu hayo hupwita kama ngoma, na ukilala chali yanazidi kwa sababu damu hupanda kichwani. Ikifika hapo ukaacha mambo yaende, kiini hufa. Neva iliyokufa haipigi kelele. Maji ya barafu hayakushtui tena, na wewe waona umepona. Bakteria nao wanateremka taratibu hadi kwenye ncha ya mzizi, usaha unakusanyika mfupani, na siku utakapopata mwanya wa kutokea kwenye nyama ya shavu au ufizi, presha inashuka na nafuu inakujia. Nafuu yangu ya usiku ule ilikuwa usaha umehama nyumba.

Nikikumbuka nyuma, dalili zilikuwepo. Jino lilikuwa kama limerefuka kuliko wenzake, nikilikutanisha na la juu napata mshtuko hadi sikioni. Mdomoni kulikuwa na ladha mbaya ya chumvichumvi ambayo niliisingizia saumu. Chini ya taya kulikuwa na tezi inayouma nikiigusa. Wengine huota kipele kwenye ufizi, kinapasuka, kinatoa usaha, kinapona, kinarudi, wakaishi nacho miezi mingi wakidhani ni kipele tu. Kile ni mfereji wa kutolea uchafu. Mradi chanzo kipo, utafunguka tena.

Sasa nikiri makosa yangu, maana najua hayako kwangu peke yangu hapa Mombasa.

La kwanza halikuwa kosa hasa: mafuta ya karafuu. Yanatuliza kweli, na daktari aliniambia kuwa dawa iliyomo ndani ya karafuu hutumika hata kwenye saruji za muda za kuzibia meno. Ila yanatuliza tu, hayatibu. La pili lilikuwa ujinga mtupu. Nilisaga aspirini nikaiweka juu ya ufizi, ikanichoma nyama ikawa nyeupe kama ngozi iliyoungua. Aspirini humezwa, haipakwi. La tatu ndilo baya kuliko yote: nilikwenda kemisti, nikataja jino, nikauziwa vidonge sita vya antibiotiki ndani ya kikaratasi, bila kuulizwa neno. Nikameza vinne, nikaona nafuu, nikaweka viwili akiba kwa siku nyingine.

Antibiotiki husafiri kwenye damu. Ndani ya jino lililokufa hamna damu inayopita, na ndani ya mfuko wa usaha dawa haipenyi vizuri. Kwa hiyo vidonge peke yake, hata dozi kamili, hupunguza moto na kuacha jiko linawaka. Tiba ni usaha utoke na chanzo kiondolewe, ama kwa kusafisha mizizi na kuiziba, ama kwa kung'oa. Siku hizi kila nikisikia mtu asema "mimi jino likiniuma nanunua amoksilini", moyo wanienda mbio.

Na saumu je? Nilikuwa nashindana nayo, nikiona haya kufungua kwa sababu ya jino. Mgonjwa ruhusa yake imo ndani ya Qur'ani, atalipa siku nyingine. Laiti ningemeza dawa ya maumivu mchana na kwenda kutazamwa siku ya pili, nisingefika kwenye shavu la chungwa.

Alfajiri hiyo mama mdogo alinivalisha buibui karibu kwa nguvu, tukapanda tuktuk kutoka Majengo. Daktari wa kwanza aliyenipokea hakuanza na jino. Alinitaka nifungue kinywa niingize vidole vyangu vitatu vikiwa vimepangana wima. Vikaingia viwili kwa shida. Akasema nitoe ulimi. Akauliza kama nameza mate au yananitoka. Akanibonyeza chini ya kidevu na shingoni, akapima homa. Baadaye akanieleza alichokuwa akikitafuta, na hapa naomba usome polepole.

Mizizi ya magego ya chini ya nyuma hufika chini ya ule msuli uliobeba ulimi. Usaha ukivujia huko, huenea chini ya ulimi na shingoni, pande zote mbili, ukausukuma ulimi juu na nyuma hadi uzibe njia ya hewa. Huitwa angina ya Ludwig, kwa jina la daktari Mjerumani aliyeieleza mwaka 1836, na huua kwa kukosesha pumzi. Kwa meno ya juu, hasa chonge, uvimbe hupanda kuelekea jichoni. Kwa hiyo ukimwona mtu wa jino hawezi kufungua kinywa, au kumeza kunamshinda na mate yamchuruzika, au sauti imebadilika kama ana kiazi cha moto mdomoni, au sakafu ya mdomo imeinuka na kuwa ngumu, au jicho lafumba, au apumua kwa taabu, hayo si ya kusubiri kliniki ya meno ifunguliwe Jumatatu. Ni idara ya dharura, saa hiyo hiyo. Kwa wa kisiwani, hospitali ya Coast General iko Makadara, usiku na mchana. Aliyeko Likoni aanzie hospitali ya huko huko badala ya kupoteza muda kwenye foleni ya feri. Kama pumzi ni ya shida, mkalishe, usimlaze chali. Nambari za dharura ni 999 na 112, ingawa kwa mitaa yetu mara nyingi jirani mwenye gari ndiye anayekufikisha mapema.

Mimi uvimbe ulikuwa bado shavuni, nikashukuru. Ganzi ilichukua muda kushika. Nyama yenye usaha ina asidi na dawa haifanyi kazi vizuri humo, ikabidi anidunge nyuma zaidi, penye neva kabla haijafika kwenye ubaya. Kisha akapasua. Harufu siielezi, wengine mwasoma mkila. Lakini ile presha ilivyotoka, machozi yalinitoka kwa raha. Kwa kuwa nilikuwa na homa nilipewa pia antibiotiki, safari hii kwa dozi yake. Eksirei ikaonyesha gego limebaki ganda, nikachagua kung'oa. Kama lingekuwa na mwili wa kutosha ningelipia kusafishwa mizizi, kwa sababu pengo la gego hulijui thamani yake mpaka siku ya kula nyama ya pilau.

Mkiwa bado njiani kumfikia daktari: parasetamoli kwa mtu mzima ni vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku nzima. Ibuprofeni husaidia zaidi kwenye uvimbe, lakini imezwe na chakula, na isimezwe na mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo wala mjamzito. Sukutua maji vuguvugu ya chumvi. Usikande shavu kwa moto, na wallahi usitoboe kwa sindano.

Kuna watu hawana hata siku moja ya kucheza nayo. Mwenye kisukari ni wa kwanza, kwani usaha hupandisha sukari na sukari hulisha usaha. Mjamzito asiogope kiti cha meno, amwambie tu daktari hali yake. Maradhi yenyewe ni hatari kuliko tiba. Na watoto! "Hayo ni meno ya utoto, yatang'oka yenyewe," husema wazazi, huku mtoto ana shavu na homa. Vijana wetu wa muguka nao, wanaotafuna na pipi na soda tangu adhuhuri hadi usiku, hawahitaji niwape hotuba, wana mama zao.

Kuhusu pesa, uliza hospitali mapema SHA, ile bima ya afya ya serikali, itakulipia nini, lakini uliza ukiwa umeshafika.

Wiki mbili zilizopita mtoto wa jirani, wa darasa la sita, alikuja kuomba barafu. Nikamuuliza ya nini. "Ya jino, shangazi, jana liliniuma sana lakini leo haliumi." Nikamgeuza uso kwenye mwanga wa mlango. Mama yake alipotoka jikoni kuuliza kulikoni, nilikuwa nishavaa buibui.