Muulize Anti Kurasa: Manga ya Basketi ya Kusoma Kwa Jamu

SWALI: Anti, niaje. Naishi Rongai, nafanya kazi tao, na kila jioni niko kwa matatu saa moja na nusu, kukinyesha ndio usiseme. Video fupi fupi za simu zimenichosha. Kuna dada kwa ofisi husoma manga, zile katuni za Wajapani, na hucheka peke yake mpaka tunamwangalia vibaya. Mimi na vitabu hatujawahi kuskizana ila basketi naipenda, shule nilikuwa kwa timu miaka minne, ingawa ukijumlisha dakika zote nilizocheza hazifiki mechi moja. Kuna manga ya basketi ya shule ya upili, ya kuchekesha? Sitaki stori za kulia.
Benchi Milele, Rongai

JIBU: Benchi Milele mwanangu, hata mimi nilikuwa hapo hapo, nikishikilia chupa za maji na saa za wale wa kucheza. Tusizungushane: tafuta Slam Dunk ya Takehiko Inoue. Ilitoka kila wiki huko Japani kuanzia 1990 mpaka 1996, vitabu ni 31, na wakikuambia ni ya kizamani waambie hata chapati ni za kizamani.

Jamaa mwenyewe anaitwa Hanamichi Sakuragi, nywele nyekundu, urefu sentimita 188, mtu wa ngumi, na amekataliwa na wasichana 50, na huyo wa 50 alimwambia moyo wake uko kwa mchezaji wa basketi, kwa hivyo basketi anaichukia kama sumu. Anaingia shule inaitwa Shohoku, anakutana na msichana anaitwa Haruko, Haruko anamuuliza kama anapenda basketi, na jamaa bila kupepesa macho anasema anaipenda sana, yeye ni mwanaspoti. Hata kudunda mpira hajui!

Hapo ndio utamu wote uko. Manga nyingi za michezo hukupa mtoto mwenye kipaji cha ajabu kutoka ukurasa wa kwanza, huyu anajiita jiniasi kila saa na kazi anayopewa ni kuchuchumaa pembeni akidunda mpira siku baada ya siku huku wenzake wanacheza, anamuita kapteni wake sokwe, anagombana na mwenzake wa timu, Rukawa, kwa sababu Rukawa anajua kucheza na tena Haruko anampenda Rukawa, na mechi zikianza anakula faulo tano na kutolewa, inayofuata tena hivyo hivyo. Kuna mahali anarusha mipira ya adhabu kutoka chini, mikono miwili, kama mtu anamwaga maji ya karai. Utacheka, lakini Rick Barry wa NBA, ile ligi ya Marekani, alikuwa anarusha hivyo hivyo na hakuwa anakosa sana.

Na wewe nakupa kazi, muangalie Kogure. Ni naibu kapteni, mvulana wa miwani, mpole, mtu wa benchi kama sisi. Sitasema zaidi, usimruke tu.

Sasa hiyo ya kutotaka kulia, hapo siwezi kukuahidi. Kuna ugomvi mbaya kwa jimu kabla ya kitabu cha kumi, na mechi ya mwisho si ya kusomea kwa matatu imejaa. Unakumbuka Februari 2021 Tylor Ongwae wa timu yetu ya Kenya aliporusha ile ya mwisho dhidi ya Angola, tukashinda 74-73 na kurudi AfroBasket, mashindano ya basketi ya Afrika, mara ya kwanza tangu 1993? Ile sekunde mpira uko hewani na hakuna mtu anapumua, Inoue ameichora, ukurasa baada ya ukurasa bila hata neno moja.

Filamu ya Slam Dunk ya 2022 usianze nayo, inakupeleka moja kwa moja kwa hiyo mechi ya mwisho na utakuwa umejiibia kicheko chote. Manga nyingine ya Inoue, Real, ni ya basketi ya viti vya magurudumu, nzuri ajabu lakini nzito, iache kwanza. Dada wa ofisi akikupa Kuroko no Basket, manga nyingine ya basketi, soma pia, ila kule mtu anarusha kutoka mwisho wa uwanja na inaingia, sasa wewe kama mchezaji utaamua mwenyewe. Na vitabu vipya ni bei, kwa hivyo huyo dada anza kumnunulia chai mapema.

SWALI: Anti, kijana wangu wa miaka 12 ameazima hiyo Slam Dunk kwa rafiki yake. Nimeifungua imeanzia nyuma nikadhani kiwanda kiliikosea, halafu ndani nikaona vijana wanapigana. Nimnyang'anye?
Mama Boi, Kayole

JIBU: Kiwanda hakijakosea Mama Boi, manga za Wajapani husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hivyo nyuma ndio mbele. Ngumi ziko, sigara pia ziko, hasa vitabu vya mwanzo, kaa naye muongee. Ukishamnyang'anya ataenda kusomea kwa huyo rafiki na wewe hutajua Shohoku walimaliza aje. Mwache amalize, halafu umwibie.