Tuulize: Mlima Peke Yake Haujengi Damu

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wakimbiaji, makocha na wazazi. Tangu Stephen Kiprotich ashinde marathoni ya Olimpiki London mwaka 2012, na Joshua Cheptegei aweke rekodi ya dunia ya mita 10,000 ya dakika 26:11.00 kule Valencia mwaka 2020, kila kijana mwenye miguu miepesi anatamani kupanda Kapchorwa, mji wa milimani mashariki mwa Uganda. Twende moja kwa moja kwenye maswali.

Nina wakimbiaji wanne wa mita 5000 na 10,000. Nimepata pesa ya kuwapeleka Kapchorwa siku kumi kabla ya mashindano ya taifa Namboole. Siku hizo zinatosha? Na nikiwa kule niwafundishe vipi? — Kocha wa sekondari, Jinja

Kocha, hazitoshi, na zikikaa vibaya kwenye ratiba zinaweza kukuharibia msimu.

Hewa ya Kapchorwa, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ina sehemu ileile ya oksijeni kama ya Jinja: 21 katika kila 100. Kinachopungua ni shinikizo la hewa. Kapchorwa limebaki takriban asilimia 80 ya lile la pwani, wakati Jinja ni karibu 88, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo zaidi kwenye damu. Figo hugundua upungufu huo ndani ya saa chache na kutoa homoni ya eritropoietini, ambayo huuamrisha uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu. Hapo ndipo subira inapohitajika. Mtu akikaa kwenye mita 2,000 na zaidi, jumla ya himoglobini mwilini (kibeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu) huongezeka kwa takriban asilimia 1 kila saa 100. Siku kumi ni saa 240. Hesabu mwenyewe faida utakayorudi nayo, tena ukiwa umebahatika, maana mji wa Kapchorwa uko chini kidogo ya kiwango hicho. Kambi yenye maana ni ya wiki tatu hadi nne, na ukipata nafasi kwenye miinuko ya Teryet, juu zaidi ya mji, ni bora.

Kuna mtego mmoja. Siku za mwanzo mwili hupunguza maji ya damu, hivyo kipimo cha himoglobini kinapanda haraka. Makocha hushangilia, kumbe hakuna chembe mpya hata moja; damu imekuwa nzito tu. Usiitumie namba ya wiki ya kwanza kuamua lolote.

Pesa hiyo itunze mpaka likizo, uwapeleke wiki tatu. Wiki ya kwanza wakimbie polepole tu, kwa mwendo unaowaruhusu kuzungumza, na kilomita zipungue kwa robo hivi. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kocha kubeba saa yake na mazoezi yake ya chini bila kubadili kitu. Kijana aliyezoea kilomita moja moja za dakika 2:55, akipumzika sekunde 90, atazikimbia mbili za kwanza vizuri, ya tatu atashika magoti, na kesho yake atakuwa mgonjwa. Mwongezee sekunde tano kwa kila kilomita, au mwachie kasi yake ila apumzike dakika mbili na nusu.

Na mazoezi ya kasi si lazima yafanyike juu. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani Benjamin Levine na James Stray-Gundersen walionyesha kwamba wakimbiaji waliolala mita 2,500 na kufanya mazoezi mita 1,250 waliboresha muda wao wa mita 5000, wakati waliolala na kukimbia kulekule juu hawakuuboresha. Sisi tuna barabara inayoshuka kutoka Kapchorwa kupitia Sipi hadi tambarare za Bulambuli. Washushe kwa gari mara mbili kwa wiki, wapige mbio zao za kasi kwenye hewa nzito, halafu warudi kulala mlimani. Hii ni nafasi ambayo kambi nyingi za Ulaya huilipia pesa nyingi.

Kuhusu siku ya kushuka, wengi hukimbia vizuri ndani ya siku mbili tatu za mwanzo, au baada ya wiki mbili hivi. Siku za katikati wengine huhisi miguu mizito. Chagua moja, usijikute katikati.

Mimi ni askari na nakimbia nusu marathoni. Kila nikipanda kambini, wiki ya pili naishiwa nguvu na moyo unaenda mbio hata kwenye mbio za polepole. Duka la dawa waliniuzia vidonge vya kuongeza damu, havijasaidia. — Kampala

Afande, kabla ya kidonge chochote, kapime mambo manne: himoglobini, feritini, malaria na choo.

Feritini ndiyo inayoonyesha akiba ya madini ya chuma. Mtu anaweza kuwa na himoglobini nzuri huku ghala likiwa tupu. Akiwa Kampala hajui, lakini akipanda mlimani, mwili unapotaka kutengeneza chembe nyingi kwa haraka, hakuna cha kutengenezea. Tungependa mkimbiaji apande akiwa na feritini ya angalau mikrogramu 30 kwa lita, na 50 ni salama zaidi. Upime wiki nne hadi sita kabla ya kambi ili ubaki na muda wa kurekebisha. Usipime ukiwa na homa, kwa sababu uvimbe na maambukizi hupandisha feritini ukadhani una akiba.

Malaria huvunja chembe nyekundu, na mkimbiaji anayepanda na kushuka kati ya mlima na Kampala huumwa na mbu kule chini, kisha homa inamkuta juu, ambako kila mtu anadhani ni uchovu wa mazoezi. Minyoo ya safura nayo hunyonya damu utumboni kila siku. Ukila chuma bila kuitibu, unailisha minyoo. Dozi ya kawaida ya albendazole kwa mtu mzima ni miligramu 400 mara moja, lakini acha mhudumu wa afya aliyeona majibu yako akuandikie.

Vikipatikana vipimo na daktari akikubali, kidonge cha ferasi salfeti cha miligramu 200 kina takriban miligramu 65 za chuma halisi. Wakati wa kukimeza ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Saa tatu hadi sita baada ya mazoezi makali, ini hutoa homoni ya hepsidini inayofunga mlango wa chuma utumboni. Kwa hiyo kimeze asubuhi, kabla ya mazoezi au ndani ya nusu saa baada ya kumaliza, pamoja na maji ya limau, chungwa au pera. Usikimeze na chai. Chai ya majani inaweza kuzuia zaidi ya nusu ya chuma kinachotoka kwenye maharage na mboga. Iache ikae mbali na chakula kwa saa nzima. Tunajua kambi zetu zinaendeshwa na chai ya maziwa, na hatusemi muiache, ila inywewe saa kumi jioni badala ya pamoja na sahani ya maharage na dodo (mchicha).

Jambo moja zaidi: usikubali kuwekewa dripu ya kuongeza nguvu kwenye kliniki ya mtaani. Kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, zinakataza kuingiza zaidi ya mililita 100 mshipani ndani ya saa 12, isipokuwa kwenye matibabu halali ya hospitali.

Binti yangu ana miaka 17, kilo 48, anakimbia kilomita 16 kwa siku. Hajapata hedhi miezi minane. Kocha anasema ni dalili kwamba mwili umekaa sawa kwa mbio. Juzi ameanza kulalamika mfupa wa muundi. — Mama, Bukwo

Mama, kocha amekosea, na suala hili halingoji mwisho wa muhula. Mpumzishe kukimbia kuanzia leo na umpeleke kituo cha afya ngazi ya nne au hospitali. Watapima ujauzito kwanza, kama inavyotakiwa kwa msichana yeyote aliyekosa hedhi, kisha tezi ya shingo na damu, na waupige picha ule mfupa. Ufa mdogo wa mfupa mara nyingi hauonekani kwenye eksirei ya wiki za mwanzo, hivyo picha safi haimaanishi arudi kukimbia huku bado anaumia pale unapobonyeza kwa kidole.

Sababu ya kawaida ni chakula kisicholingana na kazi. Mwili wa binti yako bila mafuta una kilo 40 hivi. Kukimbia hutumia takriban kalori moja kwa kila kilo kwa kila kilomita, yaani 48 mara 16, kalori 768. Kama shuleni anakula uji, posho (ugali) na maharage mara mbili, tuseme kalori 1,900, zinazobaki ni 1,132. Gawanya kwa 40: ni 28 kwa kilo. Chini ya 30, mwili huanza kuzima mitambo ambayo si ya kuokoa uhai leo: hedhi, ujenzi wa mifupa, kinga. Anahitaji karibu 45, kwa hiyo karibu kalori 2,570 kwa siku.

Hizo kalori 670 za ziada zinapatikana nyumbani bila kununua unga wowote wa kopo: nusu lita ya maziwa, mayai mawili, chapati moja na kiganja cha karanga. Mukene (dagaa) mara tatu kwa wiki itamletea kalisi na chuma. Dawa za uzazi wa mpango zinaweza kuleta damu kila mwezi, lakini hazijengi mfupa, na zinaficha tatizo. Hedhi ikirudi yenyewe ndiyo ishara tunayoitaka. Mwambie na kocha: Peruth Chemutai alishinda dhahabu ya mita 3000 kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya Tokyo, na hakuna msichana wa Sebei, eneo la Kapchorwa na Bukwo, atakayefika huko akiwa na mfupa uliopasuka akiwa na miaka 17.

Juisi ya bitiruti na kahawa zinasaidia kweli? — Mbale

Kahawa ndiyo. Miligramu 3 za kafeini kwa kila kilo ya uzito, saa moja kabla ya mbio, zinatosha. Zaidi ya 6 huleta mtetemeko na safari za choo. Bitiruti husaidia kidogo ikinywewa saa mbili hadi tatu kabla, lakini kwa waliokwisha kuwa wakali faida yake ni ndogo sana. Jaribu zote mazoezini kwanza.

Nitakimbia marathoni yangu ya kwanza. Nina kilo 60. Nile matooke (ndizi za kupika) au posho siku ya kabla? — Mbarara

Ndugu, matooke ni tamu lakini ina maji mengi. Unahitaji wanga gramu 10 kwa kila kilo, yaani 600, kwa siku moja na nusu hadi mbili kabla ya mbio. Kwa matooke pekee ungekula zaidi ya kilo mbili kila siku, na tumbo lisingekubali. Changanya: posho ya gramu 300 za unga, mchele gramu 200 kabla ya kupikwa, chapati mbili, ndizi tatu ndogo, sukari vijiko sita ndani ya chai ya siku nzima, na soda moja ya nusu lita. Hapo umefika. Maharage yapunguze siku ya mwisho kwa sababu ya gesi. Uzito utaongezeka kilo moja au mbili. Ni maji yanayokaa na wanga misulini, usijinyime chakula kwa kuogopa mizani.

Njiani lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Nusu lita ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari na chumvi ya kubana kwa vidole viwili inakupa gramu 30. Anza kunywa kilomita ya tano, mafunda mawili matatu kila baada ya dakika 15, kabla kiu haijaja. Ulizoeze tumbo kwenye mbio zako ndefu za wiki nne za mwisho, kwa chupa hiyohiyo na kipimo hichohicho.